Jiwe Ambalo Mama Kokoto Hakulipasua

Mama Kokoto alipewa jina hilo kwa kazi yake ya kuponda mawe yawe kokoto za kujengea. Alimlea mwanawe wa pekee kwa nyundo, hadi kijana akapata leseni, akawa dereva wa lori.

Jiwe moja tu hakuligusa. Lilisimama peke yake shambani kwake, refu kuzidi mtu mzima, limeinama kidogo upande. Watu wa kale ndio waliolisimamisha. Ni akina nani, hakuna aliyejua. Wanunuzi walimtania kwamba amefuga lori zima la kokoto. Naye alicheka, akaendelea kuponda.

Asubuhi moja mwanawe alikuja na vibarua wawili, mitaimbo begani. Alitaka kumjengea mama nyumba ya matofali.

"Msingi utapita hapa," alisema. "Hili jiwe tunalipasua leo."

"Hilo haliguswi, baba."

"Mama, si jiwe tu?"

Mama Kokoto akaketi chini, mgongo kwenye jiwe. Kibarua mmoja alishusha mtaimbo wake taratibu.

"Wewe unajua baba yako alifia kazini," mama alimwambia mwanawe. "Sikukwambia kwamba hakuzikwa. Machimbo yaliporomoka nikiwa na mimba yako. Walifukua wakachoka, wakapata kofia tu. Kisha shimo likafungwa. Sikuwa na kaburi la kulilia. Nikaona hili limesimamishwa na watu waliofiwa kama mimi. Nikasema hawatanikatalia tukilitumia wote."

Dereva aliwaambia vibarua wakapumzike. Akakaa kando ya mama yake. Akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo hakuwahi kuliuliza. Tangu utotoni alimwona mama akinyamaza, naye akajifunza kunyamaza.

"Mrefu. Mbishi kama wewe. Alipenda kuimba, na sauti hana. Akianza tu, majirani wanafunga madirisha."

Dereva akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Mama alimwacha alie, mkono wake uliojaa sugu ukiwa kisogoni pa mwanawe.

Siku hiyo hiyo vigingi vya msingi viling'olewa, vikapigwa mbali na jiwe. Nyumba ikaisha, mama akahamia. Na dereva, kila akija kumsalimu, huegesha lori barabarani, akapitia shambani kwanza, akasimama pale kidogo, kofia mkononi.