Mbolea Niliyomwaga Shambani kwa Mke Mwenzangu

Walisema mke mwenzangu anazika kitu shambani kila Jumanne, na kwamba hicho kitu kina macho.

Aliyeniletea hayo maneno ni Beldina, jirani yetu. Alikuja kuazima chungio, akasimama mlangoni, na chungio lenyewe hakuchukua.

"Mama Gordon, mimi sitaki vita," akasema. "Lakini chunga. Ameonekana. Anachimba, anaweka, anafukia, halafu anakanyaga."

"Kina macho namna gani?"

"Macho ni macho, yawa! Kwani yako ya aina ngapi?"

Akaenda zake. Mimi nikabaki na hilo neno kama mwiba wa samaki kooni. Nikipika liko. Nikisali liko.

Ninaandikia akina mama wenzangu. Niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Lakini haya ya mwaka 1988 sikusimuliwa na mtu. Niliyafanya mimi.

Nyumbani kwetu ni juu ya Nyamasaria, pale mlima unapoanza. Mume wangu ni Obiero. Mimi ndiye mke wa kwanza, mikayi. Kwetu Waluo mikayi ndiye hufungua kupanda. Hakuna mbegu inaingia udongoni bomani kabla mimi sijatia yangu. Na ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwangu miaka kumi na moja. Chakula kikitoka, kinatoka kwa mkono wangu.

Halafu akaletwa Jentrix.

Mluhya wa Bunyore, mwembamba, mwenye kicheko. Alikuwa anauza samaki wa kukaanga sokoni Kibuye. Obiero akaanza kuchana nywele. Mtu ambaye hakuwa ameshika kitana tangu uhuru!

Wivu ulinianzia hapo, sitawadanganya.

Machi hiyo bwana shamba wetu, Wakhisi, akaja na mbegu ya ngano. Watu walicheka sana.

"Ngano Nyamasaria? Hiyo si ya Narok?"

"Ni kujaribu tu," Wakhisi akasema. "Nataka vipande viwili, vikubwa sawasawa. Kimoja kitiwe samadi ya ng'ombe, kingine mbolea ya duka. Tuone tofauti."

Ingekuwa mume mwingine, angeonyesha shamba na kwenda kunywa chai. Lakini Obiero alipenda mashindano kuliko chakula.

"Mama Gordon, wewe chukua ya duka. Jentrix, samadi. Atakayevuna zaidi, mbolea yake ndiyo tutatia shamba lote mwakani, mpaka mahindi. Na ufunguo wa ghala atashika yeye."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nilishika ule ufunguo shingoni nikaona umekuwa moto.

Nikafungua kupanda. Jentrix akafuata siku ya pili, kama desturi inavyotaka.

Mwanzoni nilikuwa malkia. Yangu ilitoka kijani, imesimama. Ya Jentrix ilikuwa na rangi ya mgonjwa wa malaria.

"Nyieka, mke mwenzangu, samadi yako imelala?" nikamwuliza, mbele ya watu.

Akacheka. "Inaamka polepole, Mikayi. Ni mzee."

Watu wakacheka na yeye, si na mimi. Ona sasa.

Wiki ya tano hivi, ya Jentrix ikaamka. Kila nikipita naona imenenepa kidogo. Nikaanza kupita mara tatu kwa siku, eti naangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wamefungwa.

Wakhisi alikuwa ameniachia mfuko wa CAN, ile mbolea nyeupe ya chembechembe ya kurushia mmea ukishakua kidogo. Akanionyesha kipimo kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo: mkebe mmoja kwa kipande chote, mara moja, basi.

Mimi nikatia mikebe mitatu.

Pale chembe zilipolundikana, majani yaliungua yakawa ya kahawia. Lakini pengine pote ilikuwa kijani mpaka inaelekea weusi. Nikasema hewala.

Ni wiki hiyo hiyo Beldina alikuja na habari ya macho.

Jumanne, Jentrix alipotoka kwenda Kibuye na karai lake kichwani, nikachukua jembe. Mchana kweupe. Midomo ilikuwa inasema Zaburi.

Nikachimba kando ya mistari yake, pale udongo ulikuwa umekanyagwa.

Nikakuta macho.

Ya samaki.

Vichwa vya mbuta vilivyooza, matumbo, magamba, na jivu la jikoni limefunika juu. Mabaki ya biashara yake. Alikuwa anayazika yaoze, yalishe udongo. Hakuna nywele zangu pale, hakuna kitambaa changu, hakuna jina la mtu.

Mngefikiri nilifurahi. Sikufurahi.

Uchawi ningeuombea. Uchawi ningeusema kanisani, wenzangu wa kikundi cha akina mama wa Dorkasi wangenizunguka. Lakini hii ilikuwa akili tu. Huyu mwanamke alinishinda akili, na kwa akili hakuna maombi. Hiyo ndiyo iliniuma.

Nikafukia. Nikarudi nyumbani. Nikachukua CAN yote iliyobaki. Nilikuwa nimeona yangu ikiungua, nikasema na yake iungue.

Nilirusha kama mtu anayelisha kuku. Mstari kwa mstari. Ilikuwa kama mkebe mmoja, labda na kidogo. Nikanawa mikono nikaketi jikoni nikingoja majani yake yawe kahawia.

Saa moja haikuisha. Mvua ikaja kutoka ziwani, ya kutulia, ya kupenya. Ikanyesha mpaka jioni.

Hakuna jani liliungua; mvua iliishusha mbolea mizizini.

Wenzangu, ile ngano ya Jentrix! Ilisimama kama askari wa gwaride. Mashuke yakajaa mpaka yanainama kwa heshima. Na yangu, yenye mikebe mitatu, ilirefuka tu bila nguvu. Juni upepo ukaja mara moja, ikalala chini yote. Ilipolala ikaanza kuoza.

Mavuno: mimi debe moja, nusu yake imeshika ukungu. Jentrix, madebe matatu.

Wakhisi alizunguka kile kipande akikuna kichwa.

"Samadi peke yake haitoi hivi msimu wa kwanza," akasema. "Jentrix, sema ukweli. Kuna kitu uliongeza?"

Jentrix aliniangalia. Halafu akainamisha macho.

"Ni vichwa vya samaki, bwana. Na mikono ya wanawake wa boma hili, basi."

Mimi nilidhani ananicheka.

Obiero akanyoosha mkono. Sikungoja aseme. Nikavua ufunguo shingoni nikampa, akampa Jentrix, naye akaupokea kwa mikono miwili. Alisema asante. Hilo asante nililisikia miezi.

Machi iliyofuata ikafika. Obiero hakununua mbolea ya duka hata kiganja.

"Tumeona kwa macho," akasema. "Samadi inatosha."

Ekari nne. Ng'ombe sita. Ile samadi ilikuwa inatosha kipande kidogo cha majaribio, si shamba. Na hata hicho kipande hakikushinda kwa samadi tu. Aliyejua ni mimi.

Siku ya kufungua kupanda walisimama wote pembeni mwa shamba: Obiero, Jentrix, watoto. Mbegu iko mkononi mwangu. Hakuna anayeweza kutia kabla yangu. Ningesema neno moja pale, Obiero angetukana, angeenda dukani, na tungekula.

"Mama Gordon, unangoja nini?" akaniuliza.

Nikainama. Nikapanda.

Mahindi yalitoka yamekondeana. Mabua kama vidole vya mtoto mgonjwa. Kufika Desemba ghala lilikuwa na panya na upepo. Seline, kitinda mimba wangu, alikonda mpaka nikawa namhesabu mbavu nikimwogesha. Nilikuwa nampa uji mwepesi huku moyo unaniambia, hii njaa umepanda wewe.

Na watu wakaanza. Mbona ngano ya yule Mluhya ilizaa vile, na mahindi ya boma zima yakakataa? Si alivuta baraka za shamba zikaingia kwake? Beldina tena, mlango kwa mlango.

Obiero akaamini. Mtu aliyeshindwa hupenda sana kuamini.

Akamnyang'anya Jentrix ufunguo, akanirushia mimi. Akamwambia afunge nguo zake arudi kwao Bunyore.

Nilikuwa nimeupata. Ndicho nilichotaka, si ndiyo?

Jentrix alikuja jikoni kwangu kuniaga, mzigo kichwani. Nilikuwa nachochea moto nisimwangalie.

"Mikayi, nakwenda. Lakini sitaenda bila kukushukuru."

"Kwa nini?"

"Ile mbolea nyeupe. Niliporudi kutoka Kibuye nilikuta chembe chini ya majani, chache hazijayeyuka. Nilijua ni wewe, nani mwingine alikuwa nayo? Nikasema, huyu mama ananicheka mbele ya watu, lakini kwa siri ameona ngano yangu ni mgonjwa akanigawia yake. Ndiyo sababu sikumwambia Wakhisi. Niliogopa Baba Gordon atakugombeza kwamba umevunja mashindano."

Nilishika jiwe la mafiga kwa mkono mtupu. Alama iko mpaka leo.

"Na mwaka huu," akasema, "nilingoja uniambie tuchanganye tena. Nikadhani labda umechoka na mimi."

Akatoka.

Nilikimbia. Nilimpata Obiero chini ya paa la ghala na wazee wawili wa ukoo, nikasema yote mbele yao. Mikebe mitatu, jembe, macho ya samaki, mvua. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyenipiga. Ni afadhali wangenipiga.

Obiero alikwenda Bunyore mara mbili ndipo Jentrix akarudi. Wakhisi naye akatufundisha upya: samadi hushika maji na kulainisha udongo, ya duka huwahisha. Kila moja kidogo, mahali pamoja. Mwaka wa 1990 tulikula.

Ufunguo nilimpa Jentrix mimi mwenyewe. Akaupokea.

Lakini hakuniita Mikayi tena. Mpaka leo ananiita Mama Gordon, vile watu wengine wote wananiita. Ananisalimia vizuri. Ananiletea samaki. Mama Gordon, habari ya asubuhi.

Basi, yale ya kuepuka ni haya:

Usizidishe kipimo cha mbolea ya duka kwa sababu mwenzako anakufikia. Ngano italala.

Usiache mbolea ya duka iguse mbegu au ilundikane juu ya jani. Huchoma.

Usidharau samadi kwa kuwa inaanza polepole. Tena usiitegemee peke yake shamba kubwa kama ng'ombe wako ni wachache.

Usiamini majaribio ambayo hujui nani alipita hapo katikati.

Baba, usishindanishe wake zako kwa chakula cha watoto.

Usimwulize jirani jambo ambalo mwenyewe yuko, anaweza kukujibu.

Na ukiwa umekosa, usinyamaze siku ya kupanda. Siku ya kuvuna ni kuchelewa.