Sauti ya Gurudumu la Nyuma

Pale gereji palikuwa na desturi moja. Fundi akiinama juu ya injini, kila mtu anafunga mdomo. Redio inazimwa, nyundo zinatulia, hata mteja mwenye haraka zake anabana kikohozi. Fundi anafumba macho, anasikiliza, kisha anasema, "Beringi ya mbele, kushoto." Wakifungua, ni hiyo hiyo. Marafiki zake wakambatiza Sikio, na jina likamkaa kuliko alilopewa na mama yake.

Sasa Sikio hasikii. Daktari alimwambia mishipa imekufa kwa kelele za miaka mingi, na haitarudi. Mkewe hajui. Kazini anababaisha: anaweka kiganja juu ya injini, mtetemo unamwambia mawili matatu, mengine anabahatisha. Maneno ya watu anayasoma midomoni. Uziwi wenyewe alishaanza kuuzoea. Kilichomnyima usingizi ni siku wenzake watakapojua. Fundi asiyesikia ni nani? Ni mtu mwenye grisi kwenye kucha, basi.

Ndipo rafiki yake wa utotoni, Kinyozi, akanunua gari kuukuu na kutangaza safari ya mji wa mlimani. Watakwenda watatu: yeye, Sikio, na Shemeji, kaka wa mke wa Sikio, muuza saruji ambaye mdomo wake haujui likizo. Sikio akawahi kiti cha mbele. Midomo ya Kinyozi aliisoma kwa pembeni, ya Shemeji kwenye kioo. Wakitaniana, alicheka walipocheka wao.

Mlima ulipoanza, Kinyozi akapunguza mwendo.

"Fundi, hebu sikiliza. Kuna kitu kinalia huko nyuma."

Akazima redio. Shemeji naye akanyamaza, jambo ambalo halitokei kila siku. Wakamngoja.

Sikio akafumba macho. Hakuna kitu. Alimwomba Mungu ampe mlio mmoja tu, hata hafifu, kisha achukue mengine yote. Gurudumu linalozunguka huwezi kuliwekea kiganja. Angeweza kusema, "Jamani, sisikii."

"Kokoto imenasa kwenye tairi," akasema. "Panda tu."

"Umeona?" Kinyozi alimgeukia Shemeji, amejaa fahari. "Nilikwambia tuna daktari humu ndani."

Wakapanda. Kwenye kona kali, harufu ya grisi iliyoungua ikampiga Sikio puani, na hiyo aliijua. Kabla hajafungua kinywa, gari lilikaa chini upande mmoja, likaserereka, likagota kwenye jiwe la ukingoni. Chini yao kulikuwa bonde tupu. Mikono ya Kinyozi, ile inayoshika wembe kwenye shingo za watu, ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

Walishuka wazima. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala, linafuka moshi, beringi imesagika. Shemeji aliinama kulitazama, mgongo wake kwa Sikio. Ghafla Kinyozi akamtazama Sikio kama mtu anayengoja jibu. Kumbe kaulizwa kitu! Kitu gani?

"Ndiyo," Sikio akabahatisha.

Shemeji akageuka taratibu. Kinyozi akasema polepole, akipanua midomo kama anayemfundisha mtoto, "Amekuuliza: imelia mlima mzima, hukuisikia?"

Sikio akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Uongo ulikuwa umemwishia.

Kinyozi akapiga simu, na fundi wa mlimani akaja na pikipiki. Alipobadilisha beringi, akainua gurudumu la pili kwa jeki, akalizungusha, akainamisha kichwa. Kinyozi na Shemeji wakabana pumzi. Sikio naye akabana yake, kwa mazoea, huku machozi yakimtoka.

Shemeji akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni. Nyuma ya Sikio lilikuwa limefika lori, na bila shaka lilishapiga honi.

"Pole, mzee," midomo yake ilisema. Hakumtania. Wala Kinyozi hakumtania. Walifika mji wa mlimani, wakala, wakalala, wakarudi, na hakuna aliyemwita tena kwa jina la Sikio.