Nyayo Zangu Zilinisema

Tangu jana nacheka peke yangu, bora niwaambie mcheke na nyie.

Mjukuu wangu Mwanaidi anaomba chuo, asomee uinjinia, na leo ndiyo mwisho wa kuchagua kozi. Yeye na kasauti kake ka puani: "Bibi, mimi napenda maji." Maji! Tangu mdogo anachimba vimifereji nyuma ya jiko, mvua za Kilosa zisituingilie ndani. Mimi nataka asome umeme, maana treni ya umeme inapita hapa na wala sijui inasukumwa na nini.

Nikasema ngoja nimpime, watu waone kipaji chake. Nimetoka kutawadha, nikachomoa waya wa redio kwenye betri ya sola, nikauficha kwenye gunia la mahindi. Nikaita majirani, sauti nimeilegeza kama mgonjwa: "Jamani, redio imekufa! Mwanaidi mama, njoo uitibu."

Mzee Shomari akakohoa, akanguruma: "Haya, tumuone injinia wa umeme."

Mtoto hata redio hakuigusa. Akainama, akatazama sakafu ya saruji, akaenda polepole toka kwenye betri mpaka kwenye gunia. Akatia mkono, akatoa waya.

"Bibi, maji hayafichi njia yake. Nyayo mbichi zimetoka kule zikaja hapa. Na wa kushoto hauna kidole kidogo."

Majirani wote wakanitazama miguu. Nikavuta kanga, nikafunika nilichoweza.

"Kaandike maji, mama," nikamwambia. "Kaandike upesi."