Sawa ya Afisa Elimu

Juzi nilikuwa ofisi ya elimu hapa Lushoto. Mama mmoja kutoka Gare aliomba mwanawe ahamishwe kutoka sekondari aliyopangiwa, aende nyingine, nayo ya serikali. Afisa alimpa shikamoo ndefu, ya kuinama kabisa, nami nikaanza kushuku kuwa atamnyima.

"Mama, hii ni nchi ya Ujamaa. Shule zote ni sawa."

"Basi mhamishe, baba."

"Kule kumejaa."

"Na hii aliyopangiwa?"

"Ah, hii ina nafasi tele!"

"Kama ni sawa, mbona watu wamejazana kule?"

Afisa alifungua droo, akachungulia, akaifunga bila kutoa kitu.

Mama alijitanda kanga yake, akainuka, akasema, "Sawa."

Neno lilikuwa lile lile la afisa, na kwa nilivyowatazama, hakuna aliyeliamini.