Kitasa cha Chumbani kwa Zeyana

Mjini Tabora, ukimtafuta Dismasi Nizigiyimana huna haja ya kuelekezwa mara mbili. Nenda sokoni, msikilize anayebishana kwa sauti kuliko wote, huyo ndiye. Mbele yake pana meza ya funguo, tupa na vitasa vilivyokwisha kazi, na mdomo wake haupumziki. Mkewe, Julieth, husema mumewe amefungua milango ya mji mzima, lakini kufuli la kumfunga yeye mdomo bado halijatengenezwa kiwandani.

Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi, katika nyumba ambayo mlango wake ulizuiwa kwa gogo tu. Alikuja mjini kuuza maharage, akamwona mzee mmoja akitoa pini na springi ndani ya kitasa, na maharage yakaishia kuliwa na panya. Tangu siku hiyo hajajua kazi nyingine. Habari za majini alizicheka waziwazi. Aliyesema mlango wake umefunguliwa na jini, Dismasi alimwambia alete kitasa, jini lenyewe alipeleke kwa padri.

Lakini kuna nyumba moja ambayo haisimulii. Julieth ndiye aliyemtoa maneno, kidogo kidogo kama mtu anayetoa mwiba.

Aliyekuja kumwita ni Bi Ruqayya, mama mtu mzima wa ukoo wa Kiarabu, ambaye mdogo wake, Azan, mfanyabiashara wa asali, alikufa gari lilipopinduka karibu na Usoke. Mjane wake, Zeyana, alikuwa kwenye eda, na kwa desturi ya ukoo wao eda hukaliwa chumbani mwa marehemu mpaka iishe. Ruqayya alihamia pale kumtunza wifi yake.

"Kitasa kinajifunga chenyewe," alieleza wakiwa njiani. "Kila siku, alasiri. Wifi yangu anabaki ndani hawezi kutoka mpaka nipite mimi nimfungulie. Ufunguo alikuwa nao marehemu, na hatukuuona kwenye gari wala kwenye nguo zake. Nataka umtengenezee mwingine, roho yake itulie. Chakula hali, usingizi halali."

"Springi imechoka hiyo, bi mkubwa," alisema Dismasi. "Springi ni kama sisi tu, ikizeeka inafanya vituko."

Ruqayya hakucheka, na Dismasi akaona mzaha wake umeanguka chini.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya enzi misafara ilipotua Tabora kabla ya kuendelea Ujiji, kuta zake nene kiasi kwamba kelele za barabarani zilikatika mara tu walipovuka kizingiti. Ukumbi ulikuwa na ubaridi usiolingana na jua la nje. Mwisho wake palikuwa na mlango wa mbao wenye kitasa cha duara, kile unachokishika kwa kiganja na kukizungusha. Ruqayya alibisha, akaufungua kidogo, na pazia likaonekana limeshushwa upande wa ndani ili mwanamume asimwone mwenye eda.

"Pole kwa msiba, mama," Dismasi alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Nimeshapoa," ilijibu sauti nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya mtu aliye macho kabisa.

Alipochuchumaa kutazama kitasa, jambo la kwanza alilosema lilikuwa la kiufundi. "Hiki kimefungwa kinyume. Tundu la ufunguo liko chumbani, kitufe cha kufungia kiko huku ukumbini. Aliyeko ukumbini anazungusha na kuingia anapotaka. Aliyeko chumbani, kitufe kikishabonyezwa, hatoki bila ufunguo. Fundi gani huyu?"

"Marehemu alikifunga mwenyewe," alisema Ruqayya. "Hakupenda mafundi kuingia ndani kwake. Atakuwa amekosea, maskini, yeye na bisibisi wapi na wapi."

"Hakukosea," ilisema sauti ya Zeyana.

Ruqayya aliuficha mkono wake kwenye pindo la buibui, na Dismasi akaona aibu, kana kwamba amechungulia mahali asipotakiwa. Alielewa. Mwanamke huyu alikuwa akifungiwa humu enzi za mumewe, na watu wote wa nje walidhani ni mpenda utulivu.

"Nitakigeuza, mama," alisema upesi. "Kitufe kije kwako. Si kazi kubwa."

"Usikigeuze, fundi. Kiache kilivyo. Badilisha ufunguo tu, ule wa zamani usifungue tena."

Alitaka kubisha, maana kubisha ndiyo asili yake, lakini sauti ile haikumpa nafasi. Akafungua skrubu, akakitoa kitasa chote mlangoni, akakilaza juu ya kitambaa. Kidole chake kilipogusa kitufe, kikanata. Alikinusa. Ilikuwa asali, asali mbichi ya porini, yenye harufu ya moshi bado.

"Nani anakula asali humu?"

"Haijaingia asali humu ndani tangu mazishi," alisema Ruqayya.

Alikifuta kitufe kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Kisha akaingiza waya mwembamba kwenye tundu, akazichokoa pini moja moja mpaka silinda ikakubali kuzunguka, akaisukuma nje. Pini zile zilikuwa za shaba, fupi kwa ndefu, na alizipanga kwa utaratibu wake ili asizichanganye. Alichukua ufunguo mpya, akauingiza, akaanza kuzipiga tupa pini zilizochomoza zilingane nao. Alipiga mluzi wa wimbo wa kanisani ili asiusikie ukimya. Alipokirudia kitufe ili akifunge mahali pake, kilikuwa kinanata tena.

Mluzi ukakatika. Dismasi hakusema kitu, na wanaomjua watakwambia hiyo peke yake ni ajabu. Aliogopa. Mikono yake ilikaza skrubu kwa haraka asiyoizoea, akasali kimoyomoyo, akatamani awe mezani kwake akigombana na muuza nyanya.

Alikuwa na sharti moja ambalo halivunji hata kwa woga: ufunguo mpya hujaribiwa na mwenye mlango, si fundi. Fundi anayejijaribia kazi yake, husema, ni mpishi anayejisifu mwenyewe. Basi akapitisha funguo mbili chini ya pazia, mlango ukafungwa, Ruqayya akabonyeza kitufe. Zeyana akaingiza ufunguo kwa ndani. Ukazunguka kwa ulaini. Mlango ukafunguka, naye akatoka ukumbini, amejitanda mpaka usoni.

"Wifi, eda yako!" alinong'ona Ruqayya.

"Niko ndani ya nyumba bado. Simama huku na mimi," alisema Zeyana. Akauvuta mlango ukajifunga nyuma yake, akasubiri.

Msikitini wakaadhini alasiri. Adhana haijaisha, kitufe kikazama chenyewe, taratibu, kama kinachobonyezwa na kidole gumba. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka nafasi ya mtu mmoja kupita, harufu ya asali na moshi ikapita mbele ya pua ya Dismasi, karibu kabisa, na mlango ukajifunga. Hakukuwa na upepo, na hakukuwa na springi yoyote duniani ya kusingiziwa.

Kisha, ndani ya chumba kitupu, ufunguo ukasikika ukiingia kwenye tundu. Ukazungushwa, ukagoma. Ukatolewa, ukaingizwa tena, ukagoma. Dismasi aliijua sauti ile, alikuwa ameisikia maisha yake yote: ufunguo wa zamani ukikwama kwenye pini mpya. Sasa akajua kwa nini mjane yule alikataa kitasa kigeuzwe.

Kitasa kikaanza kutikiswa. Mlango mzima ukatetema.

Ruqayya alinyoosha mkono akakishika, kama alivyokishika kila alasiri. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Ni Azan," alisema. "Ni mdogo wangu, Zeyana. Nikizungusha tu anatoka."

"Najua."

"Ni maiti, masikini ya Mungu!"

"Najua, wifi. Usifungue."

Wakatazamana, na Dismasi, aliyetamani kutoweka, akabaki amekumbatia mfuko wake wa vifaa. Ruqayya ndiye aliyeinamisha macho. Mkono wake ukateleza, ukashuka, ukabaki unanata.

Mtikisiko ukakoma. Badala yake zikaja hodi, za vifundo vya vidole, za adabu, polepole, zikikoma na kuanza upya, za mtu anayejua kuna watu nyuma ya mlango na hataki kuwaudhi.

Zeyana alisikiliza huku ameinamisha kichwa, funguo mbili zikiwa ndani ya ngumi yake.

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikibisha mimi," alisema, akaenda kukaa uani.