Alis Alikuja Kumdai Mama Yake

Najua utacheka. Cheka tu, hata mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Durban mjini, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Sisimulii ya kuambiwa.

Kazi yangu ni kutoa fotokopi. Nina mashine moja na kompyuta moja, kwenye kona ya saluni ya Mama Furaha, mwenzangu wa Bukavu anayesuka nywele. Basi akaja bibi mmoja mzungu wa Greyville, miaka themanini na nne, mtaa mzima unamwita Gogo Dorothea, gogo kwa Kizulu ni nyanya. Akanishushia sanduku la karatasi. Alitaka kitabu cha ukoo wake, kuanzia Uingereza miaka mia sita iliyopita mpaka vitukuu vyake vya Durban. Jumatatu alikuwa anapasuliwa moyo. Jumapili alitaka kuwasomea wanawe kitabu kikiwa kimekamilika. "Huenda nisirudi," aliniambia, wala hakupepesa macho.

Kisanduku kimoja tu cha mchoro wa ukoo kilimshinda. Kulikuwa na binti aitwaye Alis. Baba yake, mwenye mashamba, anajulikana. Lakini yule baba alioa mara mbili: kwanza Joani, akafa, halafu Magreti. Alis ni wa nani? Gogo alikuwa na wosia wa Magreti: "Namwachia Alis, binti yangu, gauni langu la buluu." Wewe ungesemaje? Gogo alisita, maana watu wale wa zamani hata mtoto wa kambo walimwita binti. Alihangaika na jambo hilo miaka ishirini. Mwishowe akaweka alama ya kuuliza, akaenda zake.

Mimi nikajiona mjuaji. Mama aliyenizaa alifariki sijaota meno. Aliyenilea ni mdogo wake, baba alimwoa baadaye, na mpaka leo ananiita mwanangu. Kwa hiyo nikasema, aa, huyu Alis namjua! Huyu ni mimi kabisa! Magreti ni mlezi, mzazi ni Joani. Nikafuta alama ya kuuliza ya wenyewe, nikaandika Joani, bila hata kumpigia Gogo simu. Nilitaka kumfurahisha. Kiherehere changu hicho.

Ijumaa, saa sita mchana, umeme ukakatika. Mama Furaha anasuka kwa mwanga wa mlangoni, mimi nimekaa tu. Akaingia mwanamke mzungu, kitambaa cheupe kichwani, gauni la buluu mpaka chini, ananuka moshi wa kuni. Nikadhani ni wa kanisa fulani. Nikamwambia kwa Kiingereza, samahani mama, hakuna umeme.

Akanijibu kwa Kiswahili. Tena si cha kitabuni. Cha kwetu, Bukavu!

"Minakuja juu ya mama yangu," alisema, yaani kwa ajili ya mama yake. "Uliniandika kwa Joani. Ule haiko mama yangu."

Eish! Akaweka kiganja juu ya mashine, ile mashine isiyo na umeme, na Mungu wangu anaona, ikakohoa, ikawaka, ikatoa karatasi moja. Ni ukurasa wa ukoo. Majina yote yapo, ila kisanduku cha mama yake Alis ni cheupe. Ninayo mpaka leo, njoo nikuonyeshe.

Nikajitetea. Ndiyo, nilibishana na mzimu! Nikamwambia, mama, hata mimi nililelewa na asiyenizaa, mambo hayo nayajua.

"Hiyo ni yako," akanikata. Hakuwa na hasira. Alikuwa karibu kucheka. "Mama yangu aliumwa uchungu siku mbili juu yangu. Alinizaa, akanilea, akaniachia nguo yake. Na wewe unamunyanganya mtoto kwa neno moja? Angalia nyuma ya wosia."

Nikafungua faili. Unyevu wa Durban unaujua: wosia na karatasi ya nyuma yake zilikuwa zimegandana, pengine tangu sandukuni mwa Gogo. Nikazibandua kwa ukucha. Ile ya nyuma ilikuwa hati ya mahakama. Zamani zile mrithi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Akifika umri wa kurithi, waliitwa watu wa kijiji waape kwamba wanaikumbuka siku aliyozaliwa, na waseme wanaikumbuka kwa nini. Kama kwetu tu: wewe ulizaliwa mwaka daraja lilipobebwa na maji. Mmoja aliapa: "Naikumbuka siku Alis alipozaliwa, maana nilikuwa nakimbia kumwita mkunga wa bibi Magreti, nikaanguka, nikavunjika mguu."

Nikainua kichwa. Hakuna mtu.

"Mama Furaha, yule mwanamke ameenda wapi?"

"Mwanamke gani? Uko unasema peke yako tangu muda. Nilifikiri unaomba."

Mteja wake aliposikia hayo aliinuka, akaondoka na nusu ya kichwa haijasukwa. Na mimi nilirukia taxi mpaka Greyville. Nikaungama kwanza, kisha nikamsomea Gogo ile hati. Akasema, "Soma tena pale pa mguu." Nikasoma. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Maskini, miaka ishirini namtafuta mtu huyu!"

Habari za mgeni wangu hazikumshangaza. Aliuliza jambo moja tu: "Tunafanana?" Nikamwangalia. Pua ile ile, jamani.

Jumapili aliwasomea wanawe kitabu chote. Jumatatu akapasuliwa, akatoka mzima, na wiki iliyopita alikuwa dukani akinigombeza kwa makosa ya chapa. Mimi ndiye sijapona. Watu wananiletea koo zao sasa, mpaka kutoka mtaa wa mbali wa Chatsworth, na kila nikifika kisanduku cha mama, mkono unagoma. Nisipojua, naacha wazi. Mteja akinuna, anune.

Usiku ule ule nilimpigia simu mama aliyenilea, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: siku nilipozaliwa, nani alikimbia kumwita mkunga?

"Ni miye," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikimbia bila viatu."

Nililia, sikufichi. Kwa hiyo nawe uliza, uliza wangali hai. Na usichokijua usikiandike, maana mwenyewe anaweza kukujia, na mimi sitakuwepo kukutetea.