Fundi alimpigia mume wangu simu kuhusu usukani wa baiskeli yangu

Wakuu, salamu kutoka huku Belgut kwa baridi na chai.

Naandika na mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwa plasta, kwa hivyo makosa mtanivumilia. Yote nitasema ni vile yalifanyika. Nikiongeza chumvi, majirani zangu wako humu ndani na wataniumbua mchana peupe.

Na nimekasirika. Nasema hiyo mapema ndio mtu asiniambie eti "madam tulia."

Mimi ni mwalimu wa Grade Four, wale wa kuandikwa na board, contract ya term kwa term. Nyumbani ni karibu na Sosiot. Shule iko ng'ambo ya shamba kubwa la chai. Kuzunguka na lami ni mbali sana, na boda asubuhi ya mvua ni bahati yako. Ukikata ndani ya chai unafika haraka. Shida ni geti. Askari hawaruhusu pikipiki ndani ya shamba, ni miguu na baiskeli tu.

Nilikuwa nimechelewa mara mbili. Headteacher aliandika kwa kitabu chake, akaniambia wazi, "Madam, ya tatu usiniulize mambo ya contract."

Ndio nikakumbuka mountain bike ya zamani ya kaka yangu. Ilikuwa kwa stoo, kuku wanalala juu yake. Nikaamua kuifanya ya kwenda kazi. Nikatoa zile tairi za meno makubwa. Nikaweka madigadi ya kuzuia matope, nikaweka keria ya kubeba vitabu vya watoto.

Ikabaki usukani.

Ule wa kwanza ulikuwa umenyooka na uko chini. Unakulaza mbele, uzito wote unakuja kwa viganja. Mimi huu mkono wa kulia niliuvunja nikiwa high school, na baridi ya huku ikishika unaniuma mpaka kwa bega.

Nilisoma nyuzi za humu, mijadala yenu ya baiskeli, wiki mbili. Kuna usukani wa kupinda chini kama wa mashindano. Kuna ule mpana wa vijana wa kuteremka milima. Kuna wa kujikunja kama pembe za ng'ombe. Mimi nikachagua ule wa kurudi nyuma, kama wa baiskeli za wazee. Unakaa wima, viganja vinapumzika, halafu ni mwembamba.

Kwa nini mwembamba? Kama hujakaa kwa chai, sikiliza hapa. Njia ya wachumaji iko katikati ya mistari, ni ya mtu mmoja na kapu lake. Chai imekatwa juu ikalala kama meza, na hiyo meza inakufika kiunoni. Kiunoni ndipo usukani uko. Na tawi la chai ni gumu, wakuu. Likishika ncha ya usukani halivunjiki. Wewe ndio utageuzwa.

Kwa hivyo nilipima. Nilikata fimbo, nikaingia nayo pale njia imebana kabisa, nikaipunguza na panga mpaka ikapita bila kugusa majani. Mama Moraa, mchumaji mmoja wa kutoka Kisii, alisimama na kapu lake akanicheka. "Madam, unapima chai ama unataka kununua shamba?"

Nikaenda mpaka Kericho town, kwa wale wa baiskeli za mitumba, nikapata usukani mfupi kuliko fimbo yangu. Nilifurahi kama mtoto.

Jumamosi nikapeleka kila kitu kwa fundi. Baiskeli, usukani, fimbo. Nikamwambia ondoa ule, weka huu, rekebisha waya za breki, na ukiwa na shaka pima na fimbo. Akasema sawa madam. Alisema sawa mara tatu, na mimi nikamwamini. Wololo.

Jumapili tumetoka kanisa, mzee wangu, huyo mume wangu, akaleta baiskeli nyumbani na pickup ya rafiki yake, anatabasamu. Mzee wangu ni dereva wa lori ya majani chai. Si mtu mbaya, na hiyo ndio inaniudhi zaidi.

Nikaangalia baiskeli. Iko na usukani mpana kama mlango wa choo.

"Hii ni nini?"

"Fundi alinipigia," akasema. "Ati unataka ya kizee, nyembamba. Akaona aniulize kwanza. Nikamwambia akuwekee mpana ndio ukuwe stable."

"Na fimbo yangu?"

"Fimbo gani?"

Nilikuja kujua baadaye. Fundi aliitia kwa moto akachemshia chai.

Sasa niambieni. Mimi ndio nimenunua. Mimi ndio napita hiyo njia. Mkono ni wangu. Huyu fundi hajawahi kuingia kwa chai na baiskeli hata siku moja, na mzee wangu anaijua chai kutoka juu ya lori. Wawili wakaongea kwa simu, wakamaliza, mimi nikaletewa majibu.

Nilimwambia haitapita. Akasema, "Jaribu kwanza, utazoea. Mimi naishi kwa usukani, naelewa hii mambo."

Najua mtauliza, si ungetembea Jumatatu? Nilikuwa teacher on duty, natakiwa shuleni kabla ya watoto, na spana nyumbani hatuna. Nikajiambia pale njia imebana nitashuka nisukume. Hiyo nakubali ni kosa langu, msinipigie kelele.

Jumatatu kulikuwa na ukungu, majani yamelowa. Pale pa kwanza nilishuka. Pa pili nikashuka. Pa tatu nikaangalia saa, nikaona kile kitabu cha headteacher, nikabaki juu.

Ncha ya kulia ikaingia kwa chai. Usukani ukageuka wote, tairi ya mbele ikasimama, na mimi nikaenda. Nilianguka na mkono ule ule. Niliusikia ukilia. Nikalala hapo kwa matope, vitabu vya watoto vimetapakaa kwa mtaro, nikaanza kutukana kwa Kipsigis maneno mwalimu hafai kujua.

Aliyekuja ni Mama Moraa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akanifunga mkono, akaokota vitabu kimoja kimoja, akaangalia baiskeli.

"Lakini wewe si ulipima?"

Nililia hapo, si kwa maumivu. Huyu mama alikuwa ameniona mara moja tu na fimbo, na alikuwa ameelewa. Fundi na mzee wangu walielezwa, na hawakuelewa.

Hospitali wakasema umevunjika, plasta wiki sita. Mzee wangu alifika akikimbia. Nisimnyime haki yake: aliogopa sana, aliniosha miguu matope mwenyewe, akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Nimekosea, Mama Chebet. Nisamehe." Nikaanza kulegea.

Jumatano nikampigia headteacher. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitakuja hivyo hivyo, watoto wataniandikia ubaoni, mimi nitafundisha na mdomo. Nilikuwa tayari kubembeleza.

Akanijibu kwa upole kabisa. "Madam, usijali. Nilishaongea na mzee jana. Tumekubaliana upumzike hii term. Kuna mwalimu amesha-sign, anaanza kesho."

Wakuu, nilikata simu nikageuka. Mzee wangu alikuwa hapo mezani ananimiminia chai.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema.

Nikamwambia ampigie headteacher tena, amwulize kama naruhusiwa kukasirika. Chai yake sikunywa.

Alhamisi nikaenda shule kwa miguu, mkono wa plasta umefungwa kwa shingo. Headteacher akanikaribisha kiti. Akasema, "Sasa hii maneno, si mkuje na mzee tuketi tuongee?"

Nikamwambia, "Mwalimu, niko hapa. Ongea na mimi."

Akaangalia saa yake, akasema ana mkutano.

Nikitoka nilipita karibu na dirisha la Grade Four. Watoto wakaniona, wakasimama wote kunisalimia vile nimewafundisha. Yule mwalimu mpya akawaambia wakae. Wakakaa.

Hiyo ndio inaniuma. Mkono utapona.

Nimejifunza nini? Kwanza, chagua usukani kulingana na njia yako na mwili wako. Video za vijana kwa lami ya Nairobi hazijui njia ya mchumaji. Pima mahali unapita, pima pembamba kabisa, halafu pima tena. Pili, simama hapo fundi akifunga. Usimwachie kazi ukaenda nyumbani, hasa kama wewe ni mwanamke. Tatu, nunua spana zako.

Mimi nimenunua zangu. Jana nilikaa kwa veranda nikafungua ule mlango wa choo na mkono mmoja, nikafunga usukani wangu, ule mwembamba nilioenda kuuchukua mwenyewe kwa fundi. Ilinichukua nusu ya siku. Mzee wangu alikuja kushika tairi nikamwambia akae mbali, akakaa. Leo asubuhi nimeisukuma mpaka kwa chai, pale pa tatu, na imepita bila kugusa jani hata moja.

Ilikuwa saa ya assembly. Nikasimama hapo na baiskeli nzuri na sina pa kwenda nayo.

Haya, semeni. Mafundi mko humu, mnijibu: mteja akikuambia anataka nini, unapigia nani simu na kwa nini? Akina mama wenye yamewapata, tupeni zenu. Maswali ya usukani, waya za breki, upana, nitajibu yote, polepole na mkono wa kushoto.

Lakini mtu akiniuliza mzee wangu anaonaje, nitamjibu vibaya.